Nilimwambia mzee picha yake haina mvuto, akaibandua akaondoka

Bwana Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina umri wa miaka 38, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa mratibu wa kikundi cha watu 14 wanaopenda kupiga picha. Hakuna hata mmoja wetu anayeishi kwa kamera. Yumo muuguzi, yumo fundi cherehani, wamo vijana wa chuo, na yumo mzee mmoja mstaafu wa reli ambaye sote tunamwita Babu. Wanne tuna kamera, na waliobaki wanatumia simu zao.

Mwaka jana tulibandika picha zetu kwenye ukuta wa darasa, sisi kwa sisi, tukawa tunazunguka na kuzisemea moja baada ya nyingine. Babu alikuwa ameleta picha ya wavuvi wakishusha samaki pale soko la Deep Sea. Nikasema mbele ya wote: "Babu, picha hii haina mvuto, ungewasogelea zaidi." Hakunijibu. Aliibandua polepole, akaikunja ile gundi ya nyuma kwa kidole gumba, akaitia picha kwenye mfuko, akasema ana mgeni nyumbani, kisha akaondoka na baiskeli yake. Hakuonekana kwa miezi minne.

Tangu siku hiyo kikundi chetu kimekuwa cha kupongezana tu. Mtu akileta picha, wote husema "picha kali", "hongera sana", na mazungumzo huishia hapo. Sioni anayepiga hatua, mimi mwenyewe nikiwemo.

Sasa tunajiandaa kwa maonyesho ya wazi. Tumeazimwa ukumbi kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kila mmoja ataweka picha tatu, na wenzangu wamenipa kazi ya kuongoza mazungumzo ya kuzichambua. Babu amerudi, na katika picha zake iko moja ya mjukuu wake amesimama kwenye ukuta uliopakwa chokaa, amevaa hijabu nyeupe, ameshika msahafu. Uso wa mtoto umekuwa mweusi kiasi kwamba macho hayaonekani. Babu anaipenda mno picha hiyo na amekwisha kuitia kwenye fremu. Pia yuko binti mmoja wa chuo aliyenivuta pembeni akaniambia: "Mwalimu, mimi niambie ukweli." Picha yake ni ya mapambazuko ya Raskazone, lakini mbingu ameihariri mpaka imekuwa na rangi ya zambarau zilizoiva, na bahari imelalia upande mmoja kama maji kwenye sinia.

Sitaki kumuumiza mtu tena, na sitaki kuendelea kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nifanyeje?

Mratibu Mwenye Hofu, Tanga

Marahaba, Mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika ni ile gundi aliyoikunja Babu kwa kidole gumba. Mtu aliyekata tamaa na picha yake huirarua au huiacha ukutani. Yeye aliitunza isije ikanatana na vitu vingine mfukoni. Picha aliendelea kuithamini, na baada ya miezi minne amerudi akiwa na nyingine. Umemuumiza, ndiyo, lakini hamu yake ya kupiga picha hukuigusa.

Tuitazame ile sentensi yako, kwa sababu ilibeba mambo mawili na moja tu ndilo lililoharibu. "Ungewasogelea zaidi" ni shauri ambalo Babu angeweza kulijaribu kesho yake asubuhi, akapiga hatua tano mbele pale sokoni na kuona mwenyewe kama linafaa. "Haina mvuto" ni hukumu. Haisemi ni sehemu gani ya picha inayokusumbua, na haimwachii mtu jambo la kufanya atakaposhika kamera tena. Bahati mbaya hukumu ndiyo iliyotangulia, na shauri lilipofuata lilikuta masikio yamekwisha kuzibwa. Hata hilo shauri lenyewe nina shaka nalo kidogo, maana hukumuuliza kwa nini alisimama mbali. Huenda mzee alitaka ngalawa, wavuvi na umati wa wanunuzi vyote vionekane kwa pamoja, na kusogea kungempotezea alichokifuata.

Watu wengi wangekushauri uanze na sifa, utie dosari katikati, kisha umalizie na sifa nyingine. Sisi tunalijua jambo hilo kwa jina la kuuma na kupuliza, na sikushauri ulifanye. Wasikilizaji huizoea mbinu hii haraka sana: baada ya picha ya tatu, kila atakayesikia sifa kutoka kwako atajikaza akisubiri meno, na sifa zako, hata zile za kweli, zitakosa thamani. Picha ikiwa na jambo zuri, liseme kwa sababu lipo, na ulieleze kwa usahihi uleule unaoutumia kueleza dosari. "Picha kali" ni uvivu. "Umeshika mkono wa mvuvi katika nukta ileile samaki anapoteleza" ni maneno ya mtu aliyetazama, na aliyepiga picha atayakumbuka mwaka mzima.

Jizoeze kusimulia jicho lako lilikopita. Simama mbele ya picha kimya kwa muda wa kutosha, halafu ueleze: lilianzia wapi, likaenda wapi, likakwama wapi, likatokea upande gani. Tuseme kwenye picha ya wavuvi ungesema: "Babu, jicho langu limeanzia kwenye beseni la bluu, likapanda hadi kwenye mkono wa yule kijana, kisha likakimbilia gari jeupe pale pembeni kulia, na halikurudi tena kwa wavuvi." Hujamhukumu mtu yeyote hapo. Umeeleza tu kilichokutokea wewe, na hilo hakuna awezaye kulibishia, lakini Babu mwenyewe ataligeukia lile gari na kulitazama kwa macho mapya. Mara nyingi mpiga picha huwa hakuliona kabisa, kwa sababu alipobonyeza kitufe mawazo yake yote yalikuwa kwa mvuvi. Macho yetu yana tabia ya kuyafuta yasiyotuhusu, na kamera haina tabia hiyo.

Baada ya hapo uliza, na maanisha swali lako. Mwaka 1990 mtunzi wa dansi wa Marekani, Liz Lerman, alibuni utaratibu wa kuzungumzia kazi za sanaa ambao tangu hapo umetumiwa na watu wa fani nyingine nyingi. Watazamaji hueleza kwanza kilichowagusa. Kisha mwenye kazi ndiye anayewauliza maswali. Halafu wao humuuliza yeye, kwa maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Na maoni hutolewa mwishoni, tena baada ya mwenye kazi kuulizwa kama anataka kuyasikia. Si lazima mfuate hatua zote nne kama kanuni za sala. Mimi ninachokipenda ni ile zamu ya pili, ya mwenye picha kuuliza. Mtu mzima kama Babu akisema mwenyewe "hapa usoni pamenishinda, nifanyeje?", amefungua mlango kwa mkono wake, na hata kijana wa miaka ishirini anaweza kumjibu bila kuonekana amevuka adabu. Jihadhari na maswali ya bandia, lakini. "Kwa nini hukunyoosha bahari?" ni lawama iliyovaa kanzu ya swali. "Ulipokuwa pale, ulitaka mtu aone nini kwanza?" ndilo swali.

Halafu toa jambo moja tu la kulifanyia kazi, hata kama umeona sita. Mtu hawezi kubeba sita kichwani akiwa sokoni, mwanga unabadilika na watu wanampita.

Kabla sijafika kwenye picha zako mbili, nikiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuchambua picha za vijana, na mmoja wao alikuwa ameweka picha ya bibi yake anasuka mkeka. Ilikuwa imefifia, kingo zote laini, kope hazitofautiani na kivuli. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa kwamba hakukamata fokasi. Kijana akanyamaza. Tulipotoka akanionyesha picha ileile kwenye simu yake, na kwenye kioo kile ungeweza kuzihesabu nyuzi za ukili. Alikuwa ameituma dukani kwa WhatsApp ili isafishwe, kama sote tufanyavyo, na picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp huipunguza hadi upande wake mrefu ubaki na pikseli, yaani vinukta vinavyoiunda, 1,600 hivi. Kwenye karatasi yenye urefu wa sentimita 45, hizo ni takriban pikseli 90 kwa inchi, ilhali uchapaji mzuri wa kutazamwa kwa karibu hutaka 300, na ukutani, mtu akisimama hatua moja nyuma, 200 zinatosha. Simu ya kawaida ya megapikseli 12 hutoa picha yenye upande mrefu wa pikseli 4,000, ambazo zingemfikisha. Nililaumu jicho la kijana kwa kosa la faili. Kwa hiyo kabla ya mazungumzo pitia faili asilia za wenzako, na waambie mapema wapeleke picha dukani kwa flashi, au wazitume kama hati ili zisipunguzwe.

Ukutani nako kuna makosa yasiyo ya mpiga picha. Katika maonyesho ya kikundi, picha ya kimya ikitundikwa kando ya ngalawa nyekundu itaonekana haina uhai, ingawa peke yake ingemsimamisha mtu. Panga kwanza picha zote sakafuni, uzihamishe hamishe, kisha zitundike ili kitovu cha kila picha kiwe kwenye kimo cha sentimita 150 hivi kutoka chini. Zenye kioo zisitazamane na dirisha. Ukisikia mtu anasema picha fulani "imepoa", jaribu kuihamisha kabla hujampa neno mwenyewe.

Jambo jingine la kabla ya kutundika ni ridhaa. Kama mtu anatambulika usoni, hasa mtoto, mwenye picha awe na ruhusa ya mhusika au ya mzazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata kabla ya sheria huo ni uungwana. Hilo msilingojee siku ya kuchambua, likageuka kuwa aibu.

Mazungumzo yenyewe myafanye Jumapili asubuhi, kabla ya kufungua milango, mkiwa wanachama peke yenu. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama: jirani ya Babu akiwepo, au mwanafunzi wako, neno lolote lile litakuwa kubwa kuliko ulivyokusudia. Wala msiyafanye kwenye kundi la simu, ambako sauti haisikiki na sentensi fupi husomwa kama kofi. Picha 42 kwa dakika tano kila moja ni saa tatu na nusu, na hakuna atakayekuwa anatazama kitu baada ya saa ya pili. Kila mtu achague moja katika tatu zake, ile anayotaka kuzungumziwa, mpe dakika nane, na mtakuwa mmemaliza kwa muda usiofika saa mbili. Kule kuchagua kwenyewe kutakueleza mengi juu ya mtu anachokitafuta.

Na ya kwanza iwe yako. Chagua picha yako iliyokushinda, siyo ile unayojua wataisifia, na ukae kimya wakati wanaizungumzia. Usijitetee, usieleze kwamba betri ilikuwa inakwisha. Wakikuona mratibu wao, tena mwalimu, anapokea neno bila kununa na kuandika kitu kwenye daftari, hofu iliyokaa kwenye kikundi tangu mwaka jana itapungua kuliko kwa hotuba yoyote utakayowapa.

Sasa yule binti. Amekuomba ukweli, na kumnyima kwa kuwa ni mdogo au kwa kuwa unaogopa yaliyopita kungekuwa kumdharau. Kaeni mahali penye watu, maktaba au palepale ukumbini, na umwombe akuletee faili asilia pamoja na iliyohaririwa, muziweke kando kwa kando. Muulize alifika Raskazone saa ngapi. Nina dhana kuhusu hiyo zambarau: huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, na ile rangi ya mbinguni hukaa dakika chache tu kabla haijafifia. Anayefika jua likiwa limekwisha kuchomoza hukuta mbingu nyeupe, na jioni yake hukaa na simu kujaribu kuirudishia asubuhi aliyoikosa. Ikiwa ndivyo, jambo lake moja ni kufika nusu saa kabla ya jua, na zambarau itajiondokea bila wewe kuitukana. Ikiwa aliipenda rangi hiyo makusudi, hiyo ni hoja nyingine, na mjadili kama inaisaidia bahari kusemwa au inaifunika. Ule mlalo wa bahari mwambie waziwazi, kwa sentensi moja, maana unarekebishika kwenye simu kwa sekunde kumi na hauhitaji kubembelezwa. Ila urekebishaji aufanye yeye. Usiichukue simu yake mkononi.

Nimemwacha Babu mwisho kwa sababu picha yake ndiyo ngumu, na ugumu wake haukutokana na uzembe. Kamera haijui kwamba mbele yake yuko mtoto. Hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kila kilichomo, na huelekea kuufanya wastani wake uwe wa kijivu. Ukuta wa chokaa na hijabu nyeupe vilipojaa kwenye fremu, ikadhani mwanga ni mwingi mno, ikaupunguza kila mahali, na uso ndio uliolipa. Tatizo la ngozi nyeusi mbele ya kamera lina historia ndefu: kwa miongo kadhaa kampuni ya filamu za kamera ya Kodak ilisambaza kwa wasafishaji wa picha kadi za kulinganishia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, na filamu zilipokuja kurekebishwa ziweze kutofautisha rangi za kahawia, msukumo mmoja ulikuwa ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao. Msimulie Babu kisa hicho kabla hujamwambia jambo lolote juu ya uso wa mjukuu wake. Nadhani atacheka, na atajua kwamba husemi hajui kupiga picha.

Usiifanyie uchambuzi picha hiyo siku ya Jumapili asipoichagua yeye. Ipo kwenye fremu, ni mjukuu wake, ni msahafu. Kwake imekwisha kuwa kitu cha nyumbani, na ukumbini imekuja kutembea tu. Akiichagua, sema jicho lako lilikopita: lilikwenda kwenye weupe wa hijabu, likashuka hadi kwenye mikono iliyoshika msahafu, ambayo naamini inaonekana vizuri kuliko uso, likapanda kumtafuta mtoto na halikumpata. Kisha umuulize kama angependa mjaribu tena.

Lile neno la mwaka jana nalo uliombe radhi, na uliombe kabla ya maonyesho. Ulilitamka mbele ya watu wote, lakini msamaha uupeleke kwake nyumbani, bila maelezo marefu. Mwambie ulikosea kusema haina mvuto, na kwamba ungependa akueleze alisimama wapi siku ile na alikuwa anatazama nini. Kama bado anayo ile ya wavuvi, mwombe aitundike.

Na siku moja saa kumi alasiri, baada ya mjukuu kurudi kutoka madrasa, nenda mkae barazani kwao. Mtoto asimame mlangoni kivulini, jua likiwa nje kwenye mchanga na mwanga wake ukimrudia usoni kutoka chini. Kama ni simu, Babu auguse uso kwenye kioo na kupandisha mwanga kidogo kidogo, na aache kabla hijabu haijapoteza mikunjo yake. Mpe nafasi ya kukosea mara tano au kumi. Ile ya mwanzo ibaki kwenye fremu yake.